Jumba la Kijani na Maiti ya Mzee Nandonde

Nchi yetu haijawahi kukosea. Anayebisha aende akasome tangazo la serikali linalosema hivyo. Limebandikwa kwenye mlango wa kila ofisi, mahali ambapo nchi nyingine hubandika saa za kazi. Jina la nchi sitalitaja. Si kwamba naogopa. Jina hilo liliugua ghafla mwaka juzi, likapelekwa ng'ambo kwa matibabu kama ilivyo desturi ya vitu vyetu vya thamani, na hadi sasa halijarudi.

Mimi ni Tusekile, Afisa Habari Daraja la Pili, mwenye stashahada. Kazi yangu ni kutangaza mafanikio kabla hayajapatikana, na sherehe zikifika nashika kipaza sauti. Nimeambiwa kwamba katika tukio la Jumba la Huduma nilipotosha umma, kwa hiyo naueleza umma upya, polepole, ili safari hii upotoke vizuri.

Jumba la Huduma lilijengwa na wazee wetu, watu ambao hawakuhudhuria kongamano lolote. Kuta zake zilikuwa nene, veranda yake ilizunguka pande zote, na juu ya kila dirisha waliweka matofali ya matundu. Upepo uliingia mbele ukatokea nyuma bila kuandikishwa popote. Uani kulikuwa na miarobaini mikubwa, na chini yake wananchi walisubiri huduma. Wengine walisubiri sana hadi wakachumbiana, wakarudi kwenye benchi lile lile kusubiri cheti cha ndoa. Kiyoyozi hatukuwa nacho. Taa tuliziwasha mawingu yakitanda. Tuliishi katika giza hilo la ujinga, tukidhani tumestarehe.

Ndipo Mheshimiwa Dakta Pantaleo Mazoya, Waziri wa Majengo na Mazingira ya Majengo, alipokwenda kwenye kongamano la hali ya hewa katika nchi moja yenye theluji. Alirudi amebadilika. Akiwa bado kwenye ngazi ya ndege, kabla mguu wake haujagusa ardhi, aliomba kipaza sauti.

"Wenzetu wana majengo ya kijani!" alinguruma. "Yana vyeti! Ukiingia unakuta cheti ukutani! Sisi tuna nini? Ninauliza, tuna nini?"

Mmoja wetu alijibu, "Tuna joto, Mheshimiwa," akahamishiwa wilaya yenye joto zaidi.

*

Likaletwa jopo, na jopo likamleta mshauri mwelekezi, Mhandisi Projestus, mtu mrefu mwenye miwani inayobadilika rangi juani. Aliingia ofisini mwa Mkurugenzi wetu, Bwana Gerevasi Tindwa, akasimama katikati ya chumba, akanyoosha kidole hewani kama mtu anayeonja mchuzi.

"Bwana Mkurugenzi, hii hewa inatoka wapi?"

"Nje," alisema Tindwa.

"Nani aliipa ruhusa?"

Tindwa akatazama matofali ya matundu kwa mara ya kwanza katika utumishi wake. "Ilikuwa ikiingia tu, Mhandisi. Nilimkuta mwenzangu aliyenitangulia akiiacha iingie."

"Basi jengo linavuja," alisema Mhandisi, na kazi ikaanza.

Matundu yakazibwa kwa saruji. Veranda ikabomolewa, na mahali pake pakawekwa kioo kuanzia chini hadi juu, ili jua liingie na kuokoa umeme wa taa. Jua likaingia. Liliingia kwa nguvu kiasi kwamba rangi ya mbao za meza ilipasuka, basi vikanunuliwa viyoyozi. Viyoyozi vilitaka umeme, basi zikanunuliwa paneli za sola. Paneli zikakutwa zimekaa kwenye kivuli cha miarobaini, basi miarobaini ikakatwa kwa ajili ya mazingira. Mwongozo wa cheti ulitoa alama kwa uoto, kwa hiyo tukaletewa mimea ya plastiki; na kwa kuwa mimea hiyo hainywi maji, tulipata alama nyingine za kutunza vyanzo vya maji. Hatimaye macho yaliwauma watumishi kwa ule mwanga, yakatundikwa mapazia mazito mbele ya kioo chote, giza likarudi, tukawasha taa.

Mhandisi Projestus alizunguka na kifaa chake cha kupimia hewa, akamnyooshea kila mtumishi mdomoni. Siku ya tatu alitoa taarifa kwamba chanzo kikuu cha uchafuzi ndani ya jengo ni watu. Bwana Tindwa akaandika waraka, nikauchapa mwenyewe: kila mtumishi apumue kwa kuzingatia bajeti, na mwananchi asipumue kabisa ila awe na miadi.

Sikuona ubaya wowote. Nililipwa mshahara nisione.

*

Ukarabati ukaisha. Meza ziliingizwa, viti vikafunuliwa plastiki nusu, mihuri ikafungwa kwenye meza kwa minyororo midogo ya chuma ili isiende nyumbani na watu. Halafu milango ikafungwa, ufunguo akakabidhiwa Tindwa, na sisi sote tukatoka kwenda kukaa nje chini ya turubai, kwa sababu jengo lilikuwa halijazinduliwa.

Msomaji wa nchi nyingine huenda asielewe, kwa hiyo nieleze. Kwetu kitu hakiwi kitu mpaka mgeni rasmi akate utepe. Kijijini kwa mama yangu kilichimbwa kisima, maji yakatoka, na wanawake wakaendelea kukipita na ndoo zao kwenda mtoni kwa msimu mzima, wakikiamkia kwa heshima. Lipo daraja ambalo watu hupita chini yake wakiwa wamevua viatu. Zipo hata taa za barabarani zinazowaka mchana ili zisionekane kuwa zimeanza. Mtu akitumia kitu kabla ya mgeni rasmi amemtangulia mgeni rasmi, na hilo ni kosa ambalo adhabu yake haijaandikwa popote kwa sababu hakuna aliyewahi kulithubutu.

Mheshimiwa Mazoya angekuja Alhamisi. Alhamisi akaenda kuzindua kivuko cha watembea kwa miguu, kwa maana ya mistari myeupe barabarani. Sherehe ikasogezwa. Ilipofika siku mpya akawa anazindua kalenda. Ikasogezwa tena. Tukabandika tangazo langu kwenye kioo: HUDUMA ZIMESITISHWA ILI KUBORESHA HUDUMA.

Hapo ndipo Sikujua Nandonde alipokuja.

Alikuwa mwanamke mwenye mabega mapana, amejifunga khanga mbili na kitambaa cheusi kichwani. Baba yake, Mzee Nandonde, alikuwa amefia hospitali ya wilaya, ile iliyopakana nasi ukuta kwa ukuta, na mwili ulikuwa kule chumba cha maiti. Hospitali haitoi mwili bila kibali cha mazishi. Kibali cha mazishi hutolewa na karani wetu wa vifo, Bwana Lwidiko, mtu mpole aliyependa utaratibu kama wengine wanavyopenda samaki wa kukaanga.

"Pole sana, dada," alisema Lwidiko chini ya turubai. Alijaza karatasi kwa mwandiko mzuri, akaipuliza wino ukauka, akakunja mikono juu yake. "Imekamilika. Imebaki mhuri tu."

"Haya, gonga."

"Mhuri uko ndani."

"Si uingie uuchukue?"

"Jengo halijazinduliwa."

"Mimi sitaki jengo, kaka yangu. Nataka mhuri."

"Mhuri uko ndani ya jengo ambalo halijaanza. Kwa hiyo mhuri nao, kwa utaratibu, bado haujaanza."

Sikujua alimtazama. "Na baba yangu?"

Lwidiko alifikiri kwa uaminifu kabisa. "Mzee naye, kwa utaratibu, bado hajamaliza."

Simu ya Sikujua iliita pale pale. Alikuwa baba yake mdogo, kutoka kijijini, na sauti yake ilisikika hadi mezani kwangu: "We mtoto, uko wapi? Shimo tumechimba, mvua imelijaza! Tunachota maji kaburini kwa sufuria! Wakwe wamefika, wamekula, wamelala, wameamka, wanauliza wamekuja kuzika au kuhamia!"

"Baba mdogo, wanasubiri Waziri."

"Waziri anamjua kaka yangu?"

"Hapana."

"Sasa anasubiriwa wa nini?"

Sikujua alinigeukia mimi, kwa kuwa nilikuwa nimevaa beji. Nilimweleza kwa lugha niliyofundishwa chuoni kwamba serikali sikivu inalifanyia kazi suala lake. Aliniangalia kama mtu anavyoangalia chakula kilicholala, akavuta kiti, akakaa. Kesho yake alikuja, na keshokutwa. Tulianza kugawana chai. Aliniambia baba yake alikuwa fundi wa kujenga matanuri ya mkaa, mtu wa matusi mengi na mkono wazi, na kwamba alikuwa ameomba jambo moja tu, azikwe upesi, kwa sababu maisha yake yote alichukia kusubiri.

*

Hatimaye siku ikathibitishwa. Wakaguzi wawili wa cheti walikuwa wamefika kutoka ng'ambo, kwa hiyo Waziri hakuweza kukosa.

Likabaki tatizo dogo. Wakaguzi wangesoma mita ya umeme, na mita yetu, kila kiyoyozi kikiwaka, ilikimbia kama mtu aliyeona nyoka. Paneli za sola ziliweza kuwasha taa ya chooni, kukiwa na jua, na choo kikiwa na mtu mmoja. Bwana Tindwa alitokwa na jasho hadi Mhandisi Projestus alipomshika bega.

"Mkurugenzi, mita inapima nini?"

"Umeme wetu."

"Basi tusitumie wetu."

Asubuhi ya sherehe waya mnene ulipitishwa juu ya ukuta kutoka chumba cha maiti cha hospitali, ukashushwa uani, ukafunikwa kwa zulia la kijani alilotandikiwa Waziri, na kuingizwa ndani kupitia upenyo mwembamba chini ya mlango wa kioo. Ulikuwa upenyo pekee uliobaki katika jengo lote. Mlango wenyewe ulikuwa wa kisasa, unajifungua ukimwona mtu na kujifunga ukimchoka. Viyoyozi vikanguruma. Mita yetu ikasimama tuli. Mhandisi akaipapasa.

Mzee Bakilana, mhudumu wa chumba cha maiti, akaja mbio nilikokuwa nikijaribu kipaza sauti changu cha betri.

"Dada Tusekile, majokofu yangu yamezima."

"Umemwambia Mkurugenzi?"

"Nimemwambia. Kanijibu, wateja wangu hawajawahi kulalamika."

Nilimwambia asubiri kidogo, sherehe ingekwisha upesi. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu huu. Sherehe zetu haziishi upesi.

Kulikuwa na ngoma. Kulikuwa na watoto wa shule waliopakwa rangi ya kijani wakisimama mahali ilipokuwa miarobaini, wameshika matawi, wakiamriwa wapepee. Kulikuwa na risala, shukrani kwa risala, na neno la kumkaribisha atakayemkaribisha mgeni rasmi. Kisha Mheshimiwa Mazoya akasimama, suti ya kijani, tai ya kijani.

"Ndugu wananchi! Jengo hili halitumii umeme! Jengo hili halitumii maji! Ninaambiwa na wataalamu, jengo hili linakaribia kutotumia watu!" Makofi. "Babu zetu walijenga kwa kubahatisha. Waliacha matundu! Sisi tumeziba matundu! Kuna mtu ana swali?"

Sikujua alinyoosha mkono.

"Hakuna swali," alisema Waziri, akakata utepe.

Mlango ukamwona, ukafunguka. Wakaingia: Waziri, wakaguzi wawili, Mhandisi, na Tindwa akiwa wa mwisho, kinyumenyume, akiinama. Mlango ukajifunga. Kazi yangu ilikuwa kubaki nje na kuuelezea umma furaha iliyokuwa ikitokea ndani.

Sikujua alikuwa tayari amefika kwa Lwidiko. "Limezinduliwa. Haya, kaka, mhuri."

"Hongera, dada, ni kweli limezinduliwa," alisema Lwidiko kwa furaha ya dhati. "Lakini leo ni siku ya uzinduzi. Huduma zinaanza Jumatatu." Akakumbuka kitu. "Jumatatu ni sikukuu."

Mzee Bakilana alirudi. Safari hii hakukimbia, na hakusema nami. Alimwendea Sikujua, akavua kofia. "Mwanangu," alisema, "kule ndani kumeanza kuwa na joto. Mzee wako nimemweka karibu na mlango, nampepea kwa boksi. Lakini nina watu wengi, na boksi ni moja."

Sikujua hakulia. Alinitazama mimi na kipaza sauti changu. "Umeme wao unatoka wapi?"

Niliinua zulia. Sehemu ambayo waya uliungwa ilikuwa chini ya kiatu changu. Nilikuwa nimeusimamia tangu asubuhi. Nikachomoa. Mzee Bakilana akaokota ncha yake, akaizungusha mkononi kama kamba ya mbuzi, akarudi nayo chumba cha maiti kuwasha majokofu yake.

*

Jengo lilinyamaza kwanza. Kisha mapazia yakaanza kutikisika kwa ndani, yakafunguliwa, na tukawaona.

Mheshimiwa alisimama mbele ya mlango akiupungia mkono umwone. Mlango haukumwona. Alirudi nyuma, akauendea kwa hatua za kiongozi. Haukumwona. Mhandisi Projestus alirukaruka mbele yake. Mkaguzi mmoja alilegeza tai. Jua letu, ambalo halijui itifaki, liliingia kupitia kile kioo na kukaa nao.

Sauti zilitufikia kupitia upenyo wa chini, ikabidi ndani waongee wakiwa wamelala kifudifudi. Tuliona shavu la Waziri limebanwa na sakafu.

"Vunjeni kioo!" lilisema shavu.

"Mheshimiwa, kioo ndicho chenye alama nyingi!" aliomba Mhandisi nyuma yake.

"Vunjeni!"

Afande wa msafara alinyanyua kitako cha bunduki. Mbele yake akasimama Bwana Lwidiko, mikono nyuma, mpole kama kawaida. Naapa hakuwa akifanya mzaha. Lwidiko hajawahi kufanya mzaha.

"Afande, samahani. Hiyo ni mali ya serikali, na sasa imezinduliwa. Kuivunja kunahitaji kibali."

Afande akashusha bunduki. Alikuwa na watoto wanaosoma. "Kibali kiandike."

Lwidiko aliandika kwa mwandiko wake mzuri, akapuliza wino. "Kimekamilika. Kimebaki mhuri."

"Gonga!"

"Mhuri uko ndani."

Uani pote watu walianza kucheka, kwanza wachache, halafu hata watoto waliokuwa miti. Nilipeleka kipaza sauti mdomoni, kwa kuwa ndiyo kazi yangu, nikamweleza Mheshimiwa utaratibu: karatasi itapitishwa chini ya mlango, yeye ataigonga mhuri, itarudi, na kioo kitavunjwa kihalali.

"Ileteni! Haraka!"

Sikujua alikuwa amekwisha kupiga magoti. Alisukuma karatasi yake kupitia ule upenyo. "Ya baba kwanza," alisema.

"Hii nini? Kibali cha mazishi? Mimi ni Waziri wa Majengo!"

"Ya baba kwanza, Mheshimiwa. Ile nyingine naikalia."

Kweli alikuwa ameikalia. Afande alitazama mawingu.

"Mheshimiwa, kisheria mhuri wa vifo hugongwa na Lwidiko," ilisikika sauti ya Tindwa.

"Tindwa, nyamaza, nisije nikaugonga usoni kwako! Uko wapi huo mhuri?"

"Meza ya karibu na mmea wa plastiki," Lwidiko alielekeza kupitia upenyo. "Usiuvute, Mheshimiwa, una mnyororo. Upelekee karatasi. Wino uko kulia. Bonyeza, usipigepige."

Karatasi ilitoka imelowa jasho, mhuri ukiwa kichwa chini. Lwidiko aliishika, akaichunguza. "Tarehe..."

"Lwidiko!" alisema Sikujua.

"Ipo, ipo. Inasomeka ukiigeuza."

Sikujua aliinuka ili aende, na hapo akakuta nyuma yake foleni. Watu waliokuwa wakisubiri siku zote zile walikuwa wamejipanga wenyewe, kila mmoja na karatasi yake: wa vizazi, wa ndoa, mjane mmoja wa kiwanja, wafiwa wengine watatu. Akamkabidhi kibali cha kuvunja kioo mtu wa mwisho kwenye foleni, akaenda kwa Mzee Bakilana bila kugeuka nyuma.

Kwa hiyo Mheshimiwa Dakta Mazoya aligonga mihuri. Aligonga amelala, amevua koti, kisha shati, akipumua pumzi aliyokuwa ameshaipumua. Asubuhi hiyo Jumba la Huduma lilihudumia watu wengi kuliko mwaka mzima uliotangulia, na wote walipata alichogonga, kwa mhuri wa vifo, hata maharusi. Kibali cha kuvunja kilipofika, Afande alikisoma chote, akasaluti, akapiga. Upepo ukaingia mbele. Nyuma haukutokea, kwa sababu kule tuliziba.

*

Mzee Nandonde alizikwa jioni ile, na wakwe wakaondoka. Sikujua alinipigia akiwa makaburini, akasema maji yalichotwa yakaisha, na kwamba baba yake mdogo ananisalimu na anauliza kama nimeolewa.

Wakaguzi walitoa taarifa yao kutoka hospitali walikopumzishwa. Waliandika kwamba katika muda wa ukaguzi jengo halikutumia umeme hata chembe, maji hata tone, na kwamba hawajawahi kuona jambo kama hilo katika nchi yoyote. Tumepewa cheti cha daraja la juu kabisa. Kimetundikwa ukutani, karibu na pale kioo kilipokuwa, na upepo unakipeperusha. Mhandisi Projestus ameongezewa mkataba aje azibe upepo huo.

Mimi nimeitwa mbele ya Kamati ya Maadili ya Majengo. Wameniandalia maneno, ninatakiwa kuyasoma mbele ya kamera nikiwa nimevaa kijani. Niombe radhi kwa Waziri kwa kumpumulisha hewa yake mwenyewe, kwa Mkurugenzi kwa kumfanya ashuhudie, kwa wakaguzi kwa jasho, na kwa kioo, ambacho katika karatasi yao wamekiita marehemu. Mwenyekiti alinisukumia kalamu, akasema nikiomba nitapandishwa daraja, nisipoomba nitajua.

Nimesoma karatasi yote, na ina makosa ya koma. Siombi radhi. Siombi kwa Waziri, siombi kwa Mkurugenzi, na kioo nacho kikitaka radhi kije kinidai chenyewe.